Ada ya kupita relini: namna ya kuikokotoa, kuikagua na kuipinga

Mwenye treni anayepita juu ya reli ya mwenzake hulipa ada ya kutumia njia. Ada hii si nauli. Nauli ni makubaliano ya mwenye treni na abiria wake au mwenye mzigo. Ada ya njia ni ya mwenye treni na mwenye reli, na mara nyingi abiria hajui hata kama ipo. Lakini ndiyo inayoamua kama kampuni mpya ya treni za mizigo itaishi au itakufa, na kama reli yenyewe itatengenezwa au itaachwa ioze.

Afrika Mashariki jambo hili limeshafika mlangoni. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapokea treni za kampuni binafsi zinazolipia njia. Tanzania, kwa Sheria ya Reli ya 2017, ilirudisha njia na treni chini ya shirika moja, TRC (Shirika la Reli Tanzania), kwa hiyo mgeni anayetaka kupitisha treni yake pale anamlipa mtu ambaye pia ni mshindani wake. Hapo ndipo kanuni za hesabu zinapohitajika kuliko mahali pengine popote. Kanuni zilizoandikwa kwa undani ni za Umoja wa Ulaya: Maelekezo 2012/34/EU ya mwaka 2012 na Kanuni 2015/909 ya mwaka 2015. Tutazifuata hizo, na shilingi zitakazotumika ni za mfano.

Tahadhari moja kwanza. Ada ya njia isichanganywe na malipo ya ukodishaji wa reli nzima. Reli ya Kenya na Uganda ilipokodishwa mwaka 2006, mkodishaji alitakiwa kulipa serikali asilimia ya mapato yake. Malipo ya namna hiyo hayajui tofauti ya treni tupu na iliyojaa, wala ya behewa jepesi na zito. Ni mgawo wa mapato tu; hayakuambii treni yako imeila reli kiasi gani.

Unalipia nini hasa

Kwa sheria ya Ulaya, ada ya msingi inanunua vitu hivi kwa pamoja: kushughulikiwa kwa ombi lako la nafasi kwenye ratiba, haki ya kuitumia nafasi hiyo, matumizi ya njia pamoja na makutano yake, uongozaji wa treni kwa ishara na mawasiliano, matumizi ya nyaya za umeme pale zilipo, na taarifa zote unazohitaji ili treni itembee.

Umeme wenyewe haumo. Nyaya ni za ada ya msingi, umeme unaopita ndani yake una bili yake. Stesheni, yadi ya kupanga mabehewa, maegesho, karakana na kisima cha mafuta vina bei zao, ambazo hazitakiwi kuzidi gharama ya kutoa huduma hiyo pamoja na faida ya kiasi. Watu wengi huteleza hapa: wanakokotoa ada ya njia vizuri kabisa, halafu wanasahau kwamba mzigo wao una kituo katikati. Chukua Kidatu, Tanzania, reli mbili zinapokutana. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, ile ya zamani ya TRC milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, chini ya upana wa kiganja, lakini behewa halivuki. Mzigo lazima uhamishwe. Gharama ya kuhamisha, ya kreni, na ya siku ambazo mabehewa yamesimama yakisubiri wenzao wa upande wa pili haimo kwenye ada ya njia ya reli yoyote kati ya hizo mbili. Iandike kwenye mstari wake peke yake tangu siku ya kwanza.

Kutoa kabla ya kugawa

Msingi wa kila kitu uko kwenye Ibara ya 31(3) ya Maelekezo yale: ada iwe sawa na gharama inayotokea moja kwa moja kwa sababu treni imepita. Jiulize swali moja: treni hii isingepita leo, mwenye njia angeokoa nini? Alichookoa ndicho unachodaiwa.

Kwa hiyo hesabu huanza kwa kutoa. Chukua gharama zote za mwaka za mwenye njia, kisha ondoa zisizohusika. Kanuni ya 2015 inazitaja: riba na gharama nyingine za mikopo, ununuzi na ukodishaji wa ardhi, uendeshaji wa makao makuu, gharama ambazo kipande cha njia kingezidai hata bila treni, hasara za ajali na majanga, gharama za teknolojia kupitwa na wakati, na uchakavu wa vitabuni usiotokana na kulika halisi kwa njia. Poland ilishindwa kwenye jambo hilihili katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Mei 2013 (kesi C-512/10): ilikuwa imeruhusu ada ya msingi ibebe gharama ambazo hazikutokana moja kwa moja na treni.

Tuweke namba. Mtandao wa mfano unatumia shilingi bilioni 60 kwa mwaka. Riba na ardhi ni bilioni 14. Makao makuu ni bilioni 8. Kufyeka majani, kuzibua makalavati, ulinzi, na ishara zinazozeeka kwa jua na mvua ni bilioni 23. Zinabaki bilioni 15 za moja kwa moja. Katika hizo, bilioni 12 zinafuata uzito: reli kulika, mataruma (mihimili ya kulalia reli) kuchoka, kokoto kusagika. Bilioni 3 zinafuata idadi ya treni: kupanga ratiba, na watumishi wa kufungua stesheni nje ya saa za kawaida kwa sababu yako.

Sasa gawa. Bilioni 12 zigawe kwa tani-kilomita ghafi, yaani kila tani inayotembea kilomita moja, ikiwamo ya behewa lenyewe na ya kichwa cha treni. Tuseme mtandao unabeba tani-kilomita bilioni 3 kwa mwaka: shilingi 4 kwa kila moja. Shilingi bilioni 3 zilizobaki zigawe kwa treni-kilomita milioni 3: shilingi 1,000 kwa kila kilomita ya treni.

Treni yako ina kichwa cha tani 100 na mabehewa 25 ya ekseli nne. Kila behewa lina tani 18 likiwa tupu na linabeba tani 38. Safari ni kilomita 500.

Kwenda: 100 + 450 + 950 ni tani 1,500. Mara kilomita 500 ni tani-kilomita 750,000, mara shilingi 4 ni 3,000,000. Ongeza treni-kilomita 500 kwa shilingi 1,000, yaani 500,000. Jumla 3,500,000.

Kurudi tupu: tani 550 mara 500 ni 275,000, mara 4 ni 1,100,000. Ongeza 500,000. Jumla 1,600,000.

Mzunguko mzima ni shilingi 5,100,000. Gawa kwa tani 950 za mzigo: kama shilingi 5,370 kwa tani. Aliyesahau safari ya kurudi atamwambia mteja shilingi 3,680, na atakuwa ameacha nje karibu theluthi moja ya ada yake. Kosa hili ndilo linaloua mikataba mingi ya mizigo ya upande mmoja, kama saruji kwenda bara au madini kwenda bandarini, kwa sababu treni inalipia njia hata ikibeba upepo.

Kutoa na kugawa si njia pekee. Kanuni inaruhusu pia mifano ya kihandisi na ya kitakwimu. Wachumi huchukua kumbukumbu za miaka mingi na kuangalia gharama zinapandaje trafiki inapopanda. Matokeo ya Ulaya kwa matengenezo mara nyingi huangukia kati ya 0.2 na 0.35: treni zikiongezeka kwa asilimia 10, matengenezo hupanda kwa asilimia 2 hadi 3.5 tu. Namba hiyo ikae kichwani. Ukiletewa ada inayosema asilimia 80 ya matengenezo yote yanatokana moja kwa moja na treni, una haki ya kuomba ushahidi.

Gurudumu linapokutana na reli

Gurudumu la chuma hugusa reli kwa eneo dogo, kama la sarafu. Uzito wote wa ekseli hupita hapo, kwenda kwenye taruma, kisha kwenye kokoto, kisha kwenye tuta. Kokoto zikigongwa mara nyingi huvunjika kingo, hugeuka vumbi, vumbi huziba mianya ya maji, na mvua ikinyesha utaona tope jeupe linapanda katikati ya mataruma kila treni inapopita. Pakifika hapo, kushindilia peke yake hakusaidii tena. Kokoto zinatakiwa kuchujwa au kubadilishwa. Hiyo ndiyo gharama ya moja kwa moja, unaweza kuinama na kuigusa kwa mkono.

Kwa sababu hiyo ada nzuri haitazami tani peke yake. Kanuni za hesabu zilizotumiwa Uingereza miaka ya 2000 zilipima uharibifu wa njia kwa kila tani kwa kuzidisha uzito wa ekseli uliopandishwa kipeo cha 0.49, mwendo kwa kipeo cha 0.64, na uzito usiobebwa na springi kwa kipeo cha 0.19. Kwa madaraja, uzito wa ekseli ulipandishwa kipeo cha 3.83 na mwendo kipeo cha 1.52.

Ukipandisha ekseli kutoka tani 18 hadi 20, njia inaumia asilimia 5 zaidi kwa kila tani, lakini daraja linaumia karibu asilimia 50 zaidi. Ukipandisha mwendo kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, njia inaumia asilimia 15 zaidi, daraja asilimia 40. Kwa hiyo kwenye njia yenye madaraja mengi ya chuma ya zamani, kujaza behewa kupita kiasi ili kuokoa treni moja kwa wiki ni akiba ya uongo: utalipia kwa ada, au mwenye njia atalipia kwa daraja.

Kanuni ya Ulaya inaruhusu ada itofautiane kwa uzito wa ekseli, mwendo, urefu wa treni, aina ya behewa, hata kwa magurudumu yenye ubapa. Gurudumu lenye ubapa, linalopatikana breki ikiganda na gurudumu likaburuzwa, hupiga reli kama nyundo kila linapozunguka. Kama mtandao wako una vipimo vya njiani vinavyolikamata, lichonge kabla halijakukamata. Na kama ada ya mtandao haitofautishi chochote, shilingi moja kwa kila tani bila kujali behewa, basi mwenye mabehewa mazuri anamlipia mwenye mabovu. Hilo ni jambo la kulalamikia kwa maandishi.

Bilioni 45 zilizobaki

Tumekusanya bilioni 15. Mtandao unagharimu 60. Nani analipa zilizobaki? Hapa ndipo penye ugomvi wote wa ada za reli duniani, na ndipo tunapomwomba msomaji atulie.

Sheria ya Ulaya inatoa milango miwili. Wa kwanza ni serikali: mkataba wa miaka isiyopungua mitano kati yake na mwenye njia, na hesabu za mwenye njia ziwiane ndani ya muda usiozidi miaka mitano. Wa pili ni nyongeza juu ya gharama za moja kwa moja, Ibara ya 32, lakini kwa sharti kwamba soko linaweza kuibeba, na isimfukuze mtumiaji ambaye angeweza kulipa walau gharama zake za moja kwa moja. Soko hupimwa kwa makundi: angalau mizigo, abiria wanaohudumiwa kwa mkataba wa serikali, na abiria wengine. Ufaransa nyongeza hubebwa sana na treni za mwendo kasi, zenye abiria wanaoweza kulipa. Sweden, iliyotenganisha njia na treni mwaka 1988, ilikaa miaka mingi na ada za chini.

Tazama nyongeza inavyoua ikipakwa sawa kwa wote. Serikali ya mfano wetu inalipa bilioni 27. Zinabaki 18. Zikigawanywa kwa tani-kilomita bilioni 3, ni shilingi 6 zaidi kwa kila moja. Mzunguko wa treni yetu una tani-kilomita 1,025,000, kwa hiyo unaongezeka kwa shilingi 6,150,000 na kufika 11,250,000. Kwa tani ni kama shilingi 11,840, zaidi ya mara mbili. Mwenye saruji anatazama barabara inayokwenda sambamba na reli, anaita malori. Theluthi moja ya mzigo ikiondoka, zinabaki tani-kilomita bilioni 2, na nyongeza inapanda hadi shilingi 9, kwa sababu riba, ardhi na majani havikupungua. Wengine wanaondoka. Njia inabaki na treni chache zinazolipa ada kubwa juu ya tuta linaloporomoka.

Kwa reli zenye trafiki ndogo kama zetu, msimamo wetu ni huu: ada ya msingi iwe ya moja kwa moja, nyongeza iwekwe kundi kwa kundi baada ya kupima bei ya lori kwenye njia ileile, na serikali iandike kwenye mkataba kiasi inacholipa na lini. Serikali inayosema reli ijitegemee bila kuandika namba hiyo imeshaamua njia isitengenezwe.

Ukipelekewa nyongeza, dai mambo matatu: kundi lako la soko limeainishwaje, uwezo wa kundi kulipa umepimwa kwa takwimu zipi, na makisio ya trafiki yaliyotumika kugawia. Hilo la tatu ndilo hufichwa. Makisio yakiwekwa chini, ada kwa kila tani inapanda, na trafiki halisi ikizidi, mwenye njia anakusanya zaidi ya haki yake.

Msongamano, nafasi zisizotumika na ucheleweshaji

Kuna ada ya msongamano kwenye vipande vilivyojaa, na ada ya nafasi uliyoomba usiitumie. Ya pili ni ya haki kabisa: kwenye njia moja yenye vituo vya kupishana, nafasi uliyoishikilia bure ni treni ya mwenzako iliyolala. Omba nafasi ambazo mabehewa yako yanaweza kuzijaza, zirudishe mapema zile usizoziweza, na utunze ushahidi wa saa uliyorudisha.

Ucheleweshaji una mfumo wake wa malipo. Aliyesababisha hulipa, awe mwenye treni au mwenye njia. Kila dakika hupewa chanzo. Kagua vyanzo hivyo kila wiki. Baada ya mwezi hakuna anayekumbuka kama treni ilisimama kwa sababu ya kichwa chako au ya ishara iliyozimika.

Mdhibiti

Ulaya, mwenye njia lazima atoe tangazo la mtandao: hati inayoeleza njia zilivyo, masharti, ada na namna zilivyokokotolewa. Linatoka angalau miezi minne kabla ya tarehe ya mwisho ya kuomba nafasi, na ratiba mpya huanza Desemba. Soma rasimu yake. Ada ni rahisi kuipinga ikiwa rasimu kuliko ikiwa bili.

Mlalamikaji huenda kwa mdhibiti: Bundesnetzagentur Ujerumani, ART Ufaransa na Italia, ORR Uingereza. Maelekezo yanampa mdhibiti mwezi mmoja kuanza kulishughulikia lalamiko, na wiki sita za kuamua tangu apate taarifa zote. Wiki hizo hazianzi kuhesabiwa mpaka faili limekamilika, kwa hiyo peleka kila kitu siku moja. Usikimbilie mahakama ya kawaida kwanza: Novemba 2017, katika kesi ya CTL Logistics dhidi ya DB Netz, Mahakama ya Haki ilisema mahakama za kawaida haziwezi kurekebisha ada ya mmojammoja pembeni ya mdhibiti, kwani zingebomoa usawa wa ada kwa wote. Uingereza, ORR hupanga ada kwa vipindi vya miaka mitano. Kilichopo sasa kilianza 1 Aprili 2024 na kinaishia 31 Machi 2029. Hoja ya msingi huletwa wakati wa kupanga kipindi. Kipindi kikishaanza, umechelewa.

Tanzania, mdhibiti ni LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Nauli zinapoombwa, huitisha maoni ya wadau. Mwenye hoja ya ada aje na jedwali lake la hesabu, si na malalamiko ya mdomo. Asiyeridhika na uamuzi ana Baraza la Ushindani.

Bili ikifika

Usilipe jumla kabla ya kuifungua. Linganisha namba ya kila treni na orodha yako ya mabehewa ya siku hiyo. Tazama kama uzito uliotumika ni ule uliopimwa au ule uliotangazwa. Mabehewa tupu yaliyohesabiwa kama yamejaa ni kosa la kila mara, na kwa mfano wetu kila safari iliyokosewa hivyo inakula shilingi 1,900,000. Pima umbali kwa kilomita za njia, si za barabara, na uangalie treni iliyogeuzwa njia kwa sababu ya matengenezo haikutozwa mzunguko ambao hukuuomba. Hakikisha kichwa cha pili hakikuhesabiwa pale kilipobaki karakana. Kama unatumia umeme bila mita kwenye kichwa, unalipa kwa makisio, na makisio hayo yamechanganya mwendo wa madereva wako na wa wengine. Mita inayorekodi hujilipa haraka kwenye milima na kwenye vichwa vinavyorudisha umeme vinapofunga breki.

Ukikuta kosa, lipa sehemu isiyobishaniwa ndani ya muda wa mkataba, na kwa iliyobaki peleka barua yenye namba ya treni, tarehe, tani ulizotozwa, tani halisi na tofauti kwa shilingi, pamoja na nakala ya karatasi ya mizani.